Rituksimabu si Kemotherapi, si Muujiza: Yanayosemwa Kuhusu Dripu ya Miasthenia na Yaliyo Kweli

Shangazi alifika wodini na kitenge kipya cha kujifunga kichwani. Alikikunja, akakiweka juu ya mto wa dada yangu, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nywele zitaanza kudondoka lini?" Alikuwa amesoma jina Rituximab kwenye boksi, akamuuliza mtu anayemwamini, akaambiwa ni dawa ya kansa na kwamba sisi tunamficha.

Siku ile sikuwa na jibu la maana. Haya ninayoandika ndiyo majibu ambayo ningependa ningekuwa nayo pale pembeni ya kitanda.

Dada anaumwa miasthenia gravis. Asubuhi huamka vizuri, anafagia, anaongea na simu. Ikifika jioni kope la kushoto linashuka, anaona taa mbili pale penye moja, na akila ugali anashikilia taya kwa kiganja maana limechoka kutafuna. Mshipa wa fahamu hubisha hodi kwenye msuli kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli una vipokezi vya kuitikia hodi hiyo. Kwa mwenye miasthenia, kinga ya mwili imetengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na maradhi, zinazoshambulia mahali hapo pa kupokelea. Hodi inabishwa, wa kuitika ni wachache. Kadiri msuli unavyotumika ndivyo unavyoishiwa, na ukipumzika nguvu zinarudi kidogo. Ndiyo maana watu walimwita mvivu. Walioona kope wakasema jini. Si uvivu, si jini, na hauambukizi.

"Kipimo kimetoka hasi, kwa hiyo haumwi"

Hili nalipitia haraka, lakini lilitupotezea miezi. Kipimo kinachofahamika zaidi hutafuta kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini, na kati ya wenye miasthenia iliyosambaa mwilini, kama 80 hadi 85 kwa 100 wanazo. Wanaobaki wanaugua vilevile. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba baadhi yao wana kingamwili dhidi ya protini nyingine, MuSK, ambayo kazi yake ni kuvikusanya vipokezi pamoja. Dada ni wa kundi hilo. Damu yake ilisafirishwa nje ya nchi ndipo tukajua. Kwa watu wa MuSK ugonjwa hupenda kukaa kwenye ulimi, koo, taya na shingo, na vidonge vya piridostigmini, vile vya kuipa misuli nguvu, mara nyingi haviwasaidii sana, wengine huwaletea mikazo ya misuli tu. Kwa hiyo usitosheke na karatasi moja yenye neno hasi. Uliza ni kingamwili ipi iliyopimwa.

"Hiyo ni dawa ya kansa"

Ni kweli na si kweli. Rituksimabu ilipata kibali Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya limfoma, ile inayotokana na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B. Lakini kinachoamua dawa inafaa wapi ni kile inachokishika, na rituksimabu hushika alama moja tu, CD20, iliyo juu ya seli B. Zikiwa seli B za saratani, inaziua. Zikiwa seli B zinazozaa kingamwili za kujishambulia, inaziua pia. Ndiyo maana mwaka 2006 ilikubaliwa kwa baridi yabisi, na baadaye kwa magonjwa mengine ambayo mwili hujishambulia wenyewe.

Kemotherapi ya kawaida, zile dawa kali za saratani, hupiga chembe zote zinazokua kwa kasi, na mizizi ya nywele imo humo. Rituksimabu haifanyi hivyo. Ikitolewa peke yake, nywele kwa kawaida hubaki. Kile kitenge dada alikivaa, lakini kwa kupenda.

Jambo moja mgonjwa ana haki ya kulijua: kwenye kibali cha rituksimabu, miasthenia haimo. Madaktari wanaitumia kwa ushahidi wa tafiti na makubaliano ya mabingwa, na mwongozo wa kimataifa uliohuishwa mwaka 2020 unashauri ifikiriwe mapema kwa mgonjwa wa MuSK ambaye dawa za mwanzo hazikumtosheleza. Kwa wale wa vipokezi vya asetilikolini picha imechanganyika. Mwaka 2022 zilichapishwa tafiti mbili. Ile ya Marekani, yenye wagonjwa 52, haikuonyesha kwamba dawa iliwasaidia kupunguza prednisoloni, kidonge cha steroidi kinachotuliza kinga ya mwili. Ile ya Sweden, ya wagonjwa 47 ambao ugonjwa wao ulikuwa mchanga, ilitoa dozi moja ya miligramu 500 kwa kundi moja, na baada ya wiki 16 waliokuwa karibu hawana dalili katika kundi hilo walikuwa 71 kwa 100, dhidi ya 29 kwa 100 upande wa waliopewa dripu isiyo na dawa kwa ajili ya kulinganisha. Kwa hiyo daktari akikuambia "kwako huenda isifanye kazi kama kwa fulani", hakudharau. Anajua aina yako ya kingamwili na umri wa ugonjwa wako.

"Anaongezewa kingamwili, basi kinga yake inapanda"

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Rituksimabu yenyewe ni kingamwili, iliyotengenezwa maabara. Mtu akisikia "unapewa kingamwili" anadhani ni kama chanjo. Sivyo. Ni kingamwili iliyotumwa kuua chembe zinazozalisha kingamwili. Baada ya dripu, seli B katika damu hupungua hadi karibu kuisha, na huanza kurudi baada ya miezi sita hivi au zaidi. Kipindi hicho mwili haujifunzi vizuri adui mpya. Dozi zikirudiwa kwa miaka, kiwango cha jumla cha kingamwili kinaweza kushuka, na vifua na mafua ya mara kwa mara vikafuata. Ndiyo sababu kiwango hicho kinapaswa kupimwa na si kukisiwa.

La kwanza kabla ya dripu ni homa ya ini B. Kuna watu waliougua zamani bila kujua, mwili ukavifungia virusi kwenye ini, wakaendelea na maisha. Rituksimabu ikiondoa walinzi, virusi huamka, na vinaweza kuangamiza ini, wakati mwingine miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Onyo hili limo kwenye maelezo ya dawa yenyewe kwa herufi nzito. Vipimo ni viwili: kile cha virusi vilivyopo sasa, na kile cha kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, kinachoonyesha kama uliwahi kukutana nacho. Kwenye maabara nyingi za mitaani hupimwa cha kwanza tu. Katika nchi zetu, ambako homa ya ini B ni ya kawaida, kuacha cha pili ni kucheza na maisha ya mtu. Mwenye dalili za kuwahi kuambukizwa hanyimwi dripu moja kwa moja. Huweza kuanzishiwa dawa ya kuvilaza virusi, akaendelea kuitumia hata baada ya rituksimabu kwisha.

La pili ni chanjo. Zile zisizo na virusi hai, kama ya nimonia, ziwahi walau wiki nne kabla ya dripu, maana baadaye mwili hautaweza kuzijibu ipasavyo. Zenye virusi hai hazipewi kabisa wakati huu, na mojawapo ni ya homa ya manjano. Msafiri anayedaiwa kadi ya manjano mpakani amwombe daktari barua rasmi ya msamaha. Asikubali kuchomwa pale dirishani ili tu asichelewe ndege.

Kuna pia maambukizi ya ubongo yaitwayo PML, ambayo ni nadra sana lakini ni hatari. Mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa, kupoteza usemi au kudhoofika upande mmoja asiambiwe tu kwamba ni miasthenia yake.

"Dripu moja, anarudi nyumbani mzima"

Siku ya dripu ya kwanza tulikaa kutoka saa mbili asubuhi hadi alasiri. Kwanza walimpa parasetamoli, dawa ya mzio na steroidi. Kisha dawa ikaanza kudondoka polepole sana, na kila nusu saa nesi alikuja kupima presha na kuongeza kasi kidogo. Saa ya pili dada akajikuna shingo, akasema koo linawasha. Nesi hakupaniki. Alisimamisha dripu, akasubiri, akaanza tena kwa kasi ndogo, na ikaenda hadi mwisho. Hali hiyo hutokea zaidi kwenye dripu ya kwanza, na nyingi hutulia hivyo. Wiki mbili baadaye ikafuata ya pili.

Wiki ya tatu kope bado lilikuwa linashuka. Shangazi akasema tumeibiwa.

Seli B ni kama wanafunzi wa chuo cha ufundi. Wakihitimu, wanageuka seli za plazma, na hizo ndizo mafundi wanaomwaga kingamwili. Mafundi hawana tena ile alama ya CD20, kwa hiyo dawa haiwaoni. Umefunga chuo, lakini waliokwisha kuhitimu wako kazini. Kwa MuSK, mafundi wengi huishi muda mfupi, na chuo kikishafungwa hakuna wa kuwarithi, ndiyo maana dawa huwafaa vizuri. Kwa wale wa vipokezi vya asetilikolini, mafundi wengi wanakaa kwenye uboho wa mifupa kwa muda mrefu, wanaendelea kuzalisha. Tena, kingamwili iliyokwisha kumwagwa huchukua kama wiki tatu kupungua nusu. Hesabu hizo ndizo zilizotufunza kusubiri miezi. Dada alianza kula bila kushika taya mwezi wa nne.

Kwa hiyo vidonge haviachwi siku ya dripu. Prednisoloni hasa: mtu aliyeinywa kwa miezi akiikata ghafla anaweza kuzirai, maana mwili umeacha kutengeneza ya kwake. Inapunguzwa taratibu, na daktari ndiye anayeshika kalenda.

Zipo dawa mpya zinazofanya kazi haraka zaidi. Efgartigimodi, iliyokubaliwa Marekani Desemba 2021, haiui seli B. Inaharakisha kingamwili kuondoka kwenye damu. Rozanoliksizumabu ilifuata 2023, huchomwa chini ya ngozi na imekubaliwa kwa wa MuSK pia. Lakini bei ya efgartigimodi huko Marekani inavuka dola 200,000 kwa mwaka, na sitaki kumtia mtu yeyote matumaini ya kumlaghai.

"Ya India ni feki"

Hapana. Rituksimabu ya kwanza haina tena ulinzi wa hataza katika nchi nyingi, na kampuni nyingine zinatengeneza zinazofanana nayo. India ilianza mwaka 2007, na Ulaya imeruhusu za namna hiyo tangu 2017. Kwa familia nyingi za kwetu hizo ndizo zinazowezesha matibabu.

Hatari iko kwenye njia. Dawa hii ni protini, inataka nyuzi joto 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda. Chupa iliyosafiri kwenye begi la mtu kutoka Mumbai, ikalala kwenye joto la Dar es Salaam halafu ikatupwa friza, inaweza kuonekana safi kama maji na isiwe na kazi. Nunua kupitia famasia iliyosajiliwa, uliza namba ya toleo, na boksi la barafu liende nawe hadi wodini.

"Hatazaa tena"

Rituksimabu haijulikani kuwa dawa ya kufanya mtu tasa. Maelezo yake yanashauri uzazi wa mpango wakati wa matibabu na miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa hupita kwenye kondo na mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na seli B chache. Anayetaka mtoto apange na daktari. Asiambiwe na majirani kwamba mlango umefungwa.

"Homa ni homa, mpe dawa ya homa"

Mwaka wa pili dada alipata homa usiku. Kituo kilichokuwa karibu kilimwekea dripu ya kwinini, na kwa tahadhari wakaongeza antibiotiki ya gentamisini. Waliona homa, hawakuona misuli. Kabla ya alfajiri hakuweza kumeza mate, shingo haikubeba kichwa, na akawa anapumua juu juu kama mtu aliyepanda ngazi. Alilala chumba cha uangalizi siku sita. Si rituksimabu iliyomfikisha pale, ingawa ndivyo ilivyosemwa msibani kwa jirani wiki ileile.

Kwinini, klorokwini, gentamisini na ndugu zake, siprofloksasini, azithromisini, magnesiamu ya kwenye mshipa, na dawa za presha kama propranololi, zote zinaweza kuzidisha udhaifu kwa mwenye miasthenia. Nyingine hazipewi ila maisha yakiwa hatarini, nyingine hupewa kwa uangalizi wa karibu. Na aliye kwenye rituksimabu homa yake haisubiriwi ipite, maana walinzi wake ni wachache.

Sasa dada ana karatasi iliyofungwa kwa plastiki, ukubwa wa kitambulisho, ndani ya pochi. Upande mmoja: jina la ugonjwa, tarehe ya dripu ya mwisho, namba ya daktari wake. Upande wa pili ni majina ya dawa hizo, na juu yake kwa wino mwekundu: *Nikishindwa kumeza au kuhesabu hadi ishirini kwa pumzi moja, nipelekwe hospitali kubwa.* Nakala moja anayo shangazi.