Bakteria wa ndani ya mizizi ya mianzi, na kwa nini matunzo makali yanawabadilisha

Tangu watu waanze kupanda mianzi huku Dodoma, pembeni ya makorongo na nyuma ya nyumba, swali ninaloulizwa sana ni "niweke yuria kiasi gani", ile mbolea ya viwandani ya naitrojeni, na mimi kila mara naanzia kwa hawa bakteria maana bila kuwajua jibu halikai sawa.

Chukua mzizi wa muanzi, uoshe, usugue mpaka ung'ae, bado ndani yake, katikati ya seli, kuna bakteria wazima wanaishi na wala hawauguzi mmea. Ndo wanaitwa endofaiti, yaani wapangaji wa ndani. Wanatokea kwenye udongo, wanapenya kwenye vijiufa pale kamzizi kadogo kanapochomoza, na mmea haupokei kila anayebisha hodi, kwa hiyo aina za ndani ni chache kuliko za nje. Kodi wanalipa kwa kazi: wengine wanachukua naitrojeni ya hewani (hewa asilimia 78 ni hiyo) na kuigeuza chakula cha mmea, wengine wanafungua fosforasi iliyoganda kwenye udongo, wengine wanatengeneza homoni za kukuza mizizi. Ukienda Kongwa ukang'oa karanga unaona vinundu, mle mna bakteria wa kazi hiyo ya naitrojeni. Mianzi ni jamii ya nyasi, ndugu na mtama na uwele, haina vinundu, wapangaji wake wametawanyika tu huwezi kuwaona kwa macho.

Matunzo makali ni kama wanavyofanya China, mkoa wa Zhejiang, kwenye mianzi ya moso: mbolea za viwandani, kulima kwa kina, kufyeka kila kimea kingine. Aina nyingine, mianzi ya lei, wanaifunika kabisa kwa pumba za mpunga ili ardhi ipate joto machipukizi ya kula yatoke mapema, kipindi cha baridi, bei ikiwa juu.

Sasa yuria ikiingia ardhini inageuka amonia, halafu bakteria wa udongo wanaigeuza naitreti na hapo tindikali inaachiwa, mwaka mmoja huoni kitu ila ukirudia miaka na miaka udongo unachachuka na wasiopenda uchachu wanapungua. Halafu kufunga naitrojeni, yaani ile kazi ya kuigeuza ya hewani iwe chakula cha mmea, ni kazi inayokula nguvu nyingi, sukari inatoka kwa mmea, kwa hiyo mbolea ikijaa mlangoni mmea hauna sababu ya kuwalisha sana hao mafundi na wanazidiwa na wengine. Jembe nalo linakata mizizi na nyuzi za kuvu, na ukifyeka kila kitu vyakula vya aina aina vinavyotoka kwenye mizizi na majani ya mimea mingine vinakwisha.

Hapa wengi wanakosea: bakteria hawafi wote, idadi inaweza hata kupanda, kinachobadilika ni nani yupo. Na mavuno yanaweza kuwa mazuri tu, ila shamba linazoea mfuko wa mbolea.

Kwa ardhi yetu yenye mboji kidogo na mvua ya kama milimita 600 kwa mwaka, mimi nasema anza na samadi iliyooza, huku ng'ombe wapo, yuria iwe kidogo tena kwa kupima udongo, na yale majani makavu ya mianzi tafadhali usiyafagie wala kuyachoma, yaache palepale chini ya shina.