Ukikata rufaa kutoka Mtwara: majaji watatu wanasoma nini

Mteja akishindwa Mahakama Kuu hapa Mtwara, maneno ya kwanza huwa yale yale: "Wakili, twende juu, huko nitajieleza vizuri." Hutajieleza, mzee wangu. Mahakama ya Rufani haianzi kesi upya wala haiwarudishi mashahidi wako kizimbani. Jopo la majaji wasiopungua watatu likija Mtwara kwa kikao, linakuja limeshasoma kabrasha: mwenendo, vielelezo, hukumu na sababu zako za rufaa. Kama kesi ilianzia Mahakama Kuu, wanaweza kuupima upya ushahidi ulioandikwa. Rufaa ya pili, yaani ya shauri lililokwisha kukatiwa rufaa mara moja huko chini, ni ya hoja za kisheria, na shauri la madai lililoanzia mahakama ya mwanzo linahitaji kwanza cheti cha Mahakama Kuu kwamba hoja ya kisheria ipo.

Mahakama yenyewe si ya zamani sana. Mashauri yetu yalikuwa yakiishia Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, tukiwa pamoja na Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na ya kwetu ikaanzishwa 1979, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, aliyeshika wadhifa huo mpaka 2000. Rufaa za Zanzibar nazo huja hapo, ila zilizoanzia mahakama za kadhi haziji.

Watu wa Mtwara na Lindi nawasimulia zaidi hukumu moja ya Desemba 1994, ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Baba na mwanawe kutoka upande wa Arusha walipoteza ardhi yao ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, wakafungua kesi 1987, wakashinda na kurudishiwa. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo, tena bila fidia. Serikali ikadai kwamba ardhi yote ni ya umma, hivyo haki ya kimila si mali. Nyalali na wenzake wawili wakakataa: ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na jasho lililoiongezea ardhi thamani linastahili fidia ya haki. Sasa mfikirie mtu wa Tandahimba mwenye mikorosho aliyoachiwa na mjomba wake, hana hata karatasi moja. Hukumu ile inamhusu moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikaandika wazi kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali.

Lakini haki hiyo inaweza kukuponyoka kwa kalenda tu. Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na katika shauri la madai rufaa yenyewe ifuate ndani ya siku 60 tangu notisi. Katika zile siku 30, mwandikie Msajili wa Mahakama Kuu barua ya kuomba nakala za mwenendo na hukumu, na mpinzani wako apewe nakala ya barua hiyo. Ukifanya hivyo, muda uliotumika kuandaa nakala unaweza kuondolewa kwenye hesabu kwa cheti cha Msajili. Hapa ndipo wakulima wetu wanapoumia. Hukumu imetoka Juni, mtu ananyamaza mpaka hela za mnada wa korosho ziingie, anapiga hodi ofisini Novemba. Hapo tunaanza kuomba kuongezewa muda, na kusubiri mnada ni sababu ngumu mno kuitetea mbele ya jaji.

Na notisi peke yake haimzuii aliyeshinda kuja shambani na dalali wa mahakama. Kusimamisha utekelezaji wa hukumu kunaombwa kwa ombi la peke yake, ndani ya siku 14 tangu upewe taarifa ya utekelezaji huo. Ukipokea karatasi ya namna hiyo, iwe uko Kilwa au Nachingwea, ilete siku hiyo hiyo.