Kuainisha bakteria wasiotumia oksijeni: anza na ukuta wa seli, seramu ije baadaye

Una bakteria mwenye umbo la kijiti: kijiti hicho kinashika rangi ya Gram, hakina spora, kimeota ndani ya chombo kisicho na oksijeni. Umbo peke yake halitoshi kukipa jina. Cutibacterium acnes, bakteria wa ngozi, aliwahi kuwekwa kwenye jenasi ya Corynebacterium kwa sababu ya umbo, na kemia ya ukuta ndiyo inayowatenga waziwazi: Corynebacterium ana asidi ya diaminopimeliki (DAP, amino asidi ya ukuta wa seli) ya aina ya meso, pamoja na sukari za arabinosi na galaktosi, C. acnes ana DAP ya aina ya LL, na arabinosi hana.

Kwa DAP seli nzima zinatosha. Weka miligramu 5 za seli kavu na mililita 1 ya HCl (asidi ya hidrokloriki) ya 6 N kwenye ampuli, izibe kwa moto, iache kwenye nyuzi 100 kwa saa 18. Hapa Dodoma usitegemee sufuria ya maji yanayochemka: tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tumia oveni. Chuja, kausha, ongeza maji, kausha tena mpaka asidi iishe, kisha dondoshea kwenye sahani ya selulosi kando ya DAP ya kulinganishia. Kiyeyusho cha kupandisha madoa, kwa sehemu za ujazo, ni methanoli 80, maji 26, pyridini 10, HCl ya 6 N 4. Nyunyiza ninihidrini, kemikali inayozipa amino asidi rangi, na upashe moto. Doa la DAP hutoka kijani iliyofifia kisha hugeuka njano, wakati amino asidi nyingine nyingi ni zambarau. LL hupanda juu kuliko meso.

Sukari ndizo zinazopoteza watu. Hapa lazima ukuta wenyewe: vunja seli kwa shanga za kioo, osha, safisha kwa vimeng'enya vya tripsini na ribonyukliasi, halafu chemsha kwa asidi ya sulfuriki ya 2 N kwa saa 2. Ukiona ribosi, ukuta haujasafika, rudi nyuma. C. acnes aina ya I ana glukosi, manosi na galaktosi. Aina ya II hana galaktosi. Sasa, agari yenyewe imejaa galaktosi. Ukikwangua seli kutoka kwenye sahani ya agari, aina ya II itajionyesha kama ya I, na hakuna kitakachokushtua. Otesha kwenye mchuzi, basi.

Seramu inafuata, yaani maji ya damu ya sungura aliyechanjwa, yenye kingamwili zinazogandisha seli za aina fulani. C. acnes hugandana hata kwenye maji ya chumvi matupu, kwa hiyo kila jaribio liwe na tone la chumvi na la seramu ya sungura asiyechanjwa. Seramu ikishika aina zote mbili, ichanganye na seli za aina usiyoitaka, iache ilale kwenye nyuzi 4, izungushe kwenye sentrifuji, utumie majimaji ya juu.

Kwa wafugaji wetu swali kubwa ni chambavu, ugonjwa wa misuli ya ng'ombe. Clostridium chauvoei na Clostridium septicum wanachangia antijeni (kitu kinachotambuliwa na kingamwili) ya spora, kwa hiyo kingamwili zing'aazo, za kuonea bakteria kwenye darubini, zitengenezwe dhidi ya seli, si spora. Na chukua msuli mapema: mzoga ukishavimba juani, C. septicum huwa ameshatoka utumboni na kuenea, na kumkuta hapo hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeua ng'ombe.