Dhoruba ya Ssese Haitoki Bahari ya Hindi

Ujumbe umezagaa tena, kuanzia mwalo wa Kasenyi hadi kisiwa cha Lolwe, Ziwa Victoria upande wa Uganda: kimbunga kimeanza Bahari ya Hindi, kitapiga visiwa vya Ssese wiki hii. Hakitapiga. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, na uvumi huu unaniuma kwa sababu kimbunga kisipotokea, watu huacha kusikiliza hata onyo la kweli.

Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu hivi. Ili kijizungushe, kinahitaji pia msukumo wa mzunguko wa dunia, ambao kwenye ikweta karibu haupo. Na Ssese iko kusini kidogo tu ya ikweta. Kikipanda nchi kavu, hufifia. Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 4, 2024 kikaishia huko huko pwani. Kimbunga Chido, Desemba mwaka huo, kiliivunjavunja Mayotte, kisiwa cha Bahari ya Hindi, kisha kikaingia Msumbiji. Vitabu husema kimbunga hakizaliwi ndani ya digrii 5 za ikweta. Si kweli kabisa: mwaka 2001 kimbunga Vamei kilizaliwa karibu na Singapore, kwenye digrii moja na nusu hivi. Lakini kilizaliwa baharini.

Kinachotufikia kutoka Bahari ya Hindi ni mabadiliko ya mvua. Machi 2018, vimbunga vya upande wa Madagaska vilisaidia kuvuta upepo wenye unyevu wa Kongo, tukalowa. Machi 2019, kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, masika yalichelewa. Si kanuni ya kuapia.

Ziwa Victoria hujitengenezea dhoruba lenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mawingu hujijenga huko. Usiku hugeuka: upepo wa nchi kavu huja kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, hewa ikapanda. Hatari kubwa ni usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako majini na taa zao.

Tena mara nyingi kinachopindua mtumbwi si mvua. Hewa baridi huporomoka kutoka winguni, ikigusa maji husambaa kuitangulia mvua. Upepo uliozoea unakatika, panatulia kidogo, kisha unapigwa na wa baridi kutoka upande wa radi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamebanana. Mtumbwi uliojaa haujamaliza kulipanda la kwanza, la pili limeshaingia. Hapo hakuna muda wa kutafuta jaketi la kuokolea maisha. Liwe mwilini tangu mwaloni, na pua ya mtumbwi iyakabili mawimbi.

Nikitazama picha za setilaiti saa tatu usiku, naweza kutaja upande wa ziwa wenye hatari. Kisiwa gani hasa, siwezi. Wingu hukua kwa muda mfupi mno. Kwa hiyo Bukasa ikibaki kavu, msiseme tulidanganya, huenda Koome wanazama.

Na utabiri wa jioni usiachiwe wavuvi peke yao. Anayeamua mtumbwi utoke mara nyingi ni mwenye boti, naye analala nchi kavu. Huyo ndiye ninayetaka ausome kwanza.