Picha ya nafsi: ni nini, na inapigwaje

Mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa na studio ambayo mashine yake ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mkupuo. Mteja aliyehitaji moja tu hakuona sababu ya kulipia nne. Basi alipigwa picha ya kawaida, ameketi kitini, halafu uso ukakatwa kwa umbo la mraba, akapewa akaenda zake. Yaliyobaki ni mikono iliyotulia juu ya mapaja, koti la kuazimwa hapo hapo studioni, na tundu pale kichwa kilipokuwa. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York.

Dhana ya picha ya nafsi inaeleweka haraka ukianzia hapo. Kitambulisho, ile ndaga muntu ya mfukoni, kinataka uso pekee: tazama mbele, usicheke, nyuma pawe peupe. Picha ya nafsi inarudi kuokota kilichokatwa.

Kwa maneno ya kawaida, ni picha ambayo anayeonekana ndiye aliyeamua aonekane vipi: mwanga, nguo, mkao, kilicho nyuma yake, na ni ipi kati ya nyingi itoke nje. Nani alibonyeza kitufe si hoja kubwa. Ukipanga yote kisha rafiki akakubonyezea, picha ni yako. Ukijinyooshea simu ndani ya teksi ukaituma kabla ya kufika stendi, hiyo ni selfi. Selfi si dhambi, ila haijapitia uamuzi wowote.

Jambo hili ni la zamani karibu sawa na kamera yenyewe. Mmarekani Robert Cornelius alijipiga picha Philadelphia mwaka 1839. Mwaka uliofuata Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga akijifanya maiti ya mtu aliyezama, akilalamika kwamba sifa za uvumbuzi wa picha alipewa Mfaransa mwenzake Daguerre, yeye akasahauliwa. Kwa hiyo picha ya nafsi ilianza kuigiza mapema kabisa, na mwanafunzi asiogope kuigiza.

Kwa wanafunzi wa hapa, wawili wanafaa kutazamwa kwa muda mrefu. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Wateja walitaka picha zao upesi, filamu haijaisha, naye akawa anajipiga mwenyewe kwenye nafasi zilizobaki ili ampelekee bibi yake Nigeria. Baadaye, mwaka 2008, alijipiga kama Lumumba, Nkrumah, Mandela na wengine. Wa pili ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye katika picha moja amejaza vibanio vya nguo kichwani na masikioni, kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani. Ngozi yake imetiwa weusi kwa makusudi wakati wa kusafisha picha.

Kosa la kawaida ni kuiga vibanio. Kinachofaa kuigwa ni ile hesabu iliyo nyuma yake: kila kitu kilichomo kwenye fremu kinajibu swali "kwa nini wewe?" Gomesi ya mama, sare ya shule uliyoichukia, kanzu ya babu, vyote vina la kusema. Lakini vinasema hata usichokusudia. Jifunge olubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kwa kupenda rangi yake tu, na mtazamaji wa Buganda ataona mazishi na kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wao, kabla hajauona uso wako.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokwama: fokasi, yaani kuchagua umbali ambao kamera itauonyesha wazi, umekolea. Ukibonyeza taima ya sekunde 10, kamera nyingi hupima fokasi wakati ule ule wa kubonyeza, wakati wewe hujafika. Kinachotoka ni ukuta uliokolea na mtu mwenye ukungu. Dawa yake ni kuweka kitu cha kukuwakilisha. Simamisha ufagio au stendi ya taa pale utakaposimama, funga kitambaa chenye maandishi kwenye urefu wa macho yako, pima fokasi hapo, kisha zima fokasi ya kujiendesha, ubaki na ile ya kurekebisha kwa mkono, ili kamera isibadilishe tena. Chora mstari wa chaki sakafuni pale vidole vya miguu vitakapokuwa, ondoa ufagio, simama. Kwa lenzi ya mm 50 kwenye kamera ya kidijitali yenye kihisi kidogo (APS-C), ukiwa mita 2, tundu la lenzi la f/1.8 (namba ikipungua, tundu hupanuka) linakupa takriban sm 11 tu za kukolea. Ukiegemea nyuma kidogo, macho yamepotea. F/5.6 inakupa kama sm 35, na hizo zinatosha. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, iwe 1/125 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 400 hadi 800 karibu na dirisha. Ruhusu kamera ipige mfululizo, kwani ya kwanza karibu kila mara ni ya mtu anayehema.

Kwa simu, tumia kamera ya nyuma na uzime kile kipengele cha urembo. Usiishike mkononi: kwenye sm 30 pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Iegemeze mita moja na nusu mbali. Kwa simu nyingi, kitufe cha sauti cha waya wa visikilizi kinabonyeza kamera.

Halafu ngozi. Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia yote ni ya kijivu. Uso mweusi ukijaza fremu, kitaupaukisha. Shusha mwanga wa picha kwa alama ya +/− hadi −2/3 au −1. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe mambo yanageuka, uso unakuwa kivuli kitupu, na hapo unapandisha +1. Ngozi nyeusi hujengwa na mng'ao zaidi kuliko vivuli, kwa hiyo chanzo cha mwanga kiwe kipana: dirisha, au baraza yenye paa. Saa sita mchana huku kwetu ikweta jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Uani nako, udongo mwekundu hurusha rangi yake chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe miguuni.

Majaribio ya kioo yana hila yake. Ukiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, taswira yako iko mita 2, na fokasi iwekwe hapo, vinginevyo utapata vumbi la kioo limekolea vizuri sana. Chapa picha hiyo mara mbili, moja imegeuzwa. Wewe utaitambua ile ya kioo, na rafiki zako ile nyingine. Jaribio jingine: chumba chenye pazia, ISO 100, f/11, sekunde 2. Tulia sekunde moja, kisha geuza kichwa. Zitatoka nyuso mbili shingo moja. Chumba kikiwa na mwanga mwingi, itaungua nyeupe yote.

Ukipeleka kuchapa, mwambie mhudumu wa maabara azime usawazishaji wa rangi na mwanga. Mashine ikiachwa ijiamulie, huona uso mweusi kuwa picha iliyopungukiwa mwanga, ikaupaukisha bila kukuuliza. Chapa moja ndogo kwanza, itoe nje uitazame kwa mwanga wa mchana, ndipo uagize kubwa.