Muvi za pool ninazowaonyesha vijana wangu, na cha kuangalia humo ndani

Vijana wananiuliza sana, kocha nitajie muvi ya pool inayofundisha, na najua wanachotaka, wanataka zile shoti za mpira kuruka mwenzake, kugonga kingo tatu na kudondoka kwenye kona. Zipo na ni tamu kuangalia. Ila mimi kazi yangu ni kufundisha huu mchezo na nasema wazi kabisa, hakuna muvi itakayokunyoosha mkono, mkono unanyooshwa mezani, tena kwa masaa mengi. Muvi nzuri ya pool inakupa kitu kingine ambacho nikikaa kuwaelezea kwa mdomo hawanielewi mpaka waone kwa macho, nacho ni yale yanayotokea wakati hupigi. Umekaa kwenye kiti mwenzako anasafisha meza. Umeshinda gemu nne mfululizo umeanza kujisikia. Hela ipo na kuna mtu pembeni anakuongelesha maneno. Mechi nyingi ninazoziona zinapotea hapo, shoti mbovu inakuja baadaye kama matokeo tu.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu siku zote ni The Hustler ya 1961, ya director Robert Rossen, imetokana na riwaya ya Walter Tevis ya 1959. Ni ya black and white, na vijana wakiona hivyo wanaguna, wanaona ni ya kizamani, lakini wakifika dakika ya ishirini hivi kimya kinatawala. Paul Newman anaigiza Eddie Felson, kijana fundi kutoka Oakland, California, anavuka nchi nzima mpaka New York kumtafuta jamaa anaitwa Minnesota Fats (Jackie Gleason) ambaye ndo anasemekana hafungiki. Eddie anataka kuondoka na dola 10,000 usiku mmoja.

Kabla sijaenda mbali, mchezo wanaocheza humo sio huu wetu wa baa wa kumalizia na mpira mweusi. Ni ule Wamarekani wanauita straight pool, kila mpira ni pointi moja, unataja mpira na shimo, na ukishaingiza 14 ukabakiza mmoja, ile 14 inapangwa tena na wewe unaendelea palepale kama hujakosa. Fikiria maana yake kwa yule aliyekaa. Huku kwetu mwenzako akishika meza ana mipira yake saba na mweusi, akimaliza gemu imeisha unapata nafasi ya kuvuta pumzi, kule anaweza kupiga mipira mia na wewe uko kwenye kiti umeshika fimbo tu. Willie Mosconi, ambaye alikuwa bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, aliwahi kuingiza mipira 526 bila kukosa kwenye onyesho huko Springfield, Ohio mwaka 1954. Na huyohuyo Mosconi ndo alikuwa mshauri wa ufundi wa hii muvi, shoti nyingi ngumu unazoona ni mkono wake, na anaonekana pia kidogo, ndo yule anayeshika hela za dau. Gleason yeye alikuwa mchezaji mzuri tayari, alipiga shoti zake mwenyewe, na mtu anayejua mchezo anaona, angalia anavyotembea kuzunguka meza hana haraka na hana hatua ya ziada, anafika kwenye mpira tayari ameshaamua.

Sasa scene yenyewe. Wanacheza usiku, kunakucha, wanaendelea, inapita masaa 25. Eddie kuna wakati yuko mbele dola 18,000, yaani lile lengo lake la usiku mmoja amelipita kwa mbali, na mshirika wake Charlie anambembeleza waondoke. Eddie hataki, tangu mapema alishasema mechi haijaisha mpaka Fats mwenyewe aseme imeisha. Na muda wote huo anakunywa, shati limelegea, nywele zimevurugika, anacheka hovyo. Fats anafanya nini? Anaomba udhuru anaenda kunawa. Kamera inakaa naye pale, ananawa mikono na uso, anachana nywele, anapakwa poda mikononi, anavaa koti lake, ua liko kifuani, anarudi kama mtu ndo kwanza anaingia ukumbini. Anamwambia Eddie tucheze pool. Eddie anamwangalia na kuanza kucheka, na pale ndo kaliwa, kabla hata mpira mmoja haujapigwa. Anamalizia na kama dola 200 mkononi, yuko sakafuni.

Mimi hiyo sehemu huwa nairudisha nyuma hata mara tatu. Nawauliza vijana, Fats amebadilisha nini kwenye upigaji wake? Hakuna. Ana mkono uleule wa saa mbili zilizopita alipokuwa anafungwa. Alichofanya ni kukata mechi katikati, akajipa mwanzo mpya, na akampa Eddie muda wa kujiangalia alivyochoka. Tangu nianze kuionyesha kuna mabadiliko nayaona, vijana wangu wakipoteza gemu mbili mfululizo wanaenda kunawa uso, wanafuta fimbo kwa kitambaa kikavu, wanarudi taratibu. Kimsingi ni kitu kidogo sana ila mkono wenye jasho kwenye fimbo ni tatizo halisi jamani, fimbo haitelezi, inakwama kwenye daraja la vidole (pale mkono wa mbele unapoibeba fimbo), unapiga mpira nje ya pale ulipolenga halafu unalaumu meza.

Halafu kuna Bert Gordon, George C. Scott, yule anayekaa pembeni na glasi yake ya maziwa anaangalia watu. Huyu ndo anamwambia Eddie ukweli kwamba kipaji anacho ila kimepungua kitu kingine ndani, na baadaye anataka kumsimamia kwa kuchukua asilimia 75 ya ushindi. Sabini na tano! Naomba vijana wanaochezea hela wamwangalie sana huyu mtu, kwa sababu wa namna hii wapo kila ukumbi, anaujua mchezo, anakuelewa vizuri kuliko unavyojielewa, ushauri wake ni wa kweli kabisa na bado anakula nyama yako. Siyo kila anayekuambia ukweli anakutakia mema, na hii muvi inaonyesha hilo bila kukuhubiria. Yanayotokea kwa Sarah, mpenzi wa Eddie (Piper Laurie), huko Louisville siyasemi, nenda kaone mwenyewe.

Sehemu ya kuvunjwa vidole gumba nayo nitaigusa kidogo kwa sababu ina somo ambalo watu wanalipita. Eddie pale yuko kwenye ukumbi wa uchochoroni anajifanya hajui ili watu waweke hela awale, ndo kazi yake, lakini kuna kijana anamchokonoa kwa maneno, basi hasira zinampanda anamwonyesha uwezo wake wote kwa kasi, wenyeji wanajua huyu ni mjanja amekuja kuwala, wanamvunja. Hakushindwa pool pale, alishindwa kukaa kimya.

Miaka 25 baadaye, 1986, Newman akamrudia Eddie kwenye The Color of Money, safari hii director ni Martin Scorsese, na ndo iliyompa Newman Oscar ya muigizaji bora wa kiume. Eddie sasa ni mzee, anauza pombe kali, hachezi tena, mpaka anapomwona Vincent (Tom Cruise) akivunja mipira, yaani ile shoti ya kwanza ya kuitawanya, kwa nguvu ya ajabu. Wanacheza nine-ball, yaani ni mipira tisa tu, lazima mweupe (ule unaopigwa na fimbo) uguse kwanza namba ndogo kuliko zote iliyopo mezani, na anayeingiza tisa ndo kashinda. Gemu ni fupi, linakwenda haraka, ndo maana muvi nayo inakimbia.

Mabingwa wa kweli wako humo ndani, Mike Sigel ndo alikuwa mshauri wa ufundi, Steve Mizerak anaonekana, na Keith McCready ameigiza Grady Seasons, mpinzani wa Vincent. Cruise alijifua kweli, shoti karibu zote ni zake, isipokuwa ile ya kurusha mweupe juu ya mipira miwili ambayo alipiga Sigel. Na hapo nitoe angalizo la kitaalamu maana nawaona mnavyoharibu vitambaa vya watu: kurusha mpira sio kuuchota kwa chini. Kuchota ni faulo. Mweupe unarushwa kwa kuinua nyuma ya fimbo na kuupiga kwenda chini, unadunda kwenye jiwe la meza (lile lililo chini ya kitambaa) ndo unaruka. Kama meza sio yako usijaribu.

Kwenye hii muvi nawaambia vijana wamwangalie Vincent akiwa anang'aa, anazungusha fimbo kama upanga, anacheza muziki, kila mtu ukumbini anamtazama. Anaingiza mipira yote. Eddie amekasirika. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya dakika chache amemfunza kila mtu pale kwamba asicheze naye, hakuna tena wa kuweka hela dhidi yake, soko limekufa. Kisha anapelekwa kwa Grady na kuambiwa auze gemu, afungwe makusudi ili dau la baadaye lipande, na Grady anamchokoza wakati anajikosesha, na unaona kijana anavyoungua kifuani. McCready pale haigizi sana, ndo alivyokuwa anacheza, mdomo hausimami. Mwangalie pia mkono wake, kiwiko kimetoka pembeni kabisa, kinyume na kila kitu ninachofundisha, lakini unarudi palepale kila shoti. Ukiona mchezaji ana mkono wa ajabu usimcheke, angalia kama unajirudia.

Sehemu ninayoipenda zaidi humo ni fupi tu na Waafrika Mashariki wengi wanashtuka wakimwona mwigizaji. Ni Forest Whitaker, huyuhuyu ambaye miaka 20 baadaye alikuja Uganda kumwigiza Idi Amin na akapata Oscar. Hapa bado kijana, anaitwa Amos, mpole, anaongea ongea mambo yake kama hajui yuko wapi, na anamla Eddie hela hatua kwa hatua, Eddie aliyeishi maisha yake yote kwa ujanja huohuo. Anakuja kugundua wakati hela imeshaenda. Inauma kuangalia, kwa sababu uso wa Newman unaonyesha alijua tangu mapema na hakutaka kukubali. Kila mchezaji mkongwe akae na hiyo scene. Baada ya hapo Eddie anaenda kupima macho, anapata miwani, anaanza mazoezi upya kama mwanafunzi, na mimi namheshimu kwa hilo kuliko shoti yoyote aliyopiga. Nina wachezaji wazuri sana wenye umri wa kati ambao wanakosa mipira ya mbali, wanabadilisha fimbo, wanabadilisha chaki, na wanachohitaji ni miwani.

Kuhusu kuhamasisha wachezaji, sio maneno matupu. Huko Marekani pool ilikuwa imefifia kabla ya 1961 na muvi ile iliirudisha kumbini, halafu ya 1986 ikaleta wimbi jingine kubwa zaidi. Jina lenyewe likaingia kwenye mchezo: Desemba 1996 kule Hong Kong waliandaa mechi ya watu wawili wakaiita Color of Money, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani, nine-ball, wa kwanza kufika gemu 120, siku tatu, mshindi anabeba dola 100,000 zote. Reyes alishinda 120 kwa 117. Reyes huyu mwaka 1985 alishawahi kwenda Marekani akacheza kwa jina la uongo, Cesar Morales, wenyeji wakaliwa sana. Ukiitafuta video ya Hong Kong angalia viti. Strickland ana hasira, anaongea, Reyes akikaa anakaa kama mtu anasubiri daladala.

Zipo nyingine. Poolhall Junkies ya 2002 ya Mars Callahan ina maneno mengi na fujo nyingi, hadithi ni nyepesi, lakini vijana wanaipenda na Christopher Walken anaibeba dakika chache alizopewa. Wadada ninaowafundisha nawapa Kiss Shot ya 1989, ya televisheni, Whoopi Goldberg ni mama anayelea mtoto peke yake na anatakiwa kulipa deni la nyumba, anarudi kwenye meza. Sio muvi kubwa, ila dada zetu wanaingia ukumbini wakitazamwa kama wamepotea njia, wanastahili kumwona mwanamke anayeshika fimbo kwa sababu ana shida ya kweli na uwezo wa kweli.

Jambo moja linanisumbua nalo nalisema kila mara. Muvi hizi karibu zote ni za kudanganya watu ili kuwala, na Mosconi mwenyewe alitumia maisha yake akivaa suti na kupigania pool ionekane ni mchezo wa watu waungwana, hakuwapenda kabisa hao wajanja. Jamaa mmoja anaitwa Rudolf Wanderone alipoiona ile ya 1961 akajipachika jina la Minnesota Fats akasema ndo yeye, Tevis alikataa kwamba alimwandika mtu huyo. Mwaka 1978 wakakutanishwa kwenye televisheni, Wanderone anapiga soga, watu wanacheka, na Mosconi akamfunga.

Kwa anayeanza, tafuta ya 1961 kwanza, uiangalie mpaka mwisho bila kuruka, halafu ile mechi ya masaa 25 uirudie ukiwa unamwangalia aliyekaa tu, usimwangalie anayepiga. Ya 1986 angalia na mwenzako, msimamishe kabla ya kila shoti inayoonekana vizuri mkisie mweupe utasimama wapi, kisha bonyeza. Mkikosea mara nyingi msishangae, meza za kule ni futi 9 na zetu za baa ni ndogo, mweupe wao una safari ndefu.