Kumtambua mbung'o kwa umbo lake: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba nzi yeyote wa kijivu au wa kahawia anayeuma mifugo ni mbung'o. Mfugaji anayeamini hivyo huweza kununua dawa ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, wakati ng'ombe wake wanasumbuliwa na nzi wa zizini, Stomoxys calcitrans, ambaye huzaliana kwenye samadi na nyasi zinazooza, na ambaye angepungua sana kwa usafi wa boma peke yake.

Ukweli ni kwamba rangi ni alama dhaifu, na hata mrija wa kunyonyea damu uliochomoza mbele ya kichwa hautoshi, kwa kuwa nzi wa zizini naye anao. Kinachowatenganisha kwa macho matupu ni mabawa wakati nzi ametua: ya mbung'o hulaliana kabisa, moja juu ya jingine, yakapita kidogo ncha ya tumbo, ilhali ya nzi wa zizini hubaki yameachana. Pange ni rahisi zaidi kumtenga, kwa sababu macho yake ni makubwa mno na mdomo wake umeelekea chini.

Mwenye kioo cha kukuzia atapata ushahidi usio na ubishi. Katikati ya bawa la mbung'o, mishipa imezunguka chumba chenye umbo la shoka, na umbo hilo ni la Glossina, yaani jenasi ya mbung'o, peke yake, kiasi kwamba bawa moja lililookotwa kwenye utando wa buibui linatosha kumtambulisha. Kwenye hadubini huonekana pia kwamba vinyweleo vya kipapasio chake navyo vina matawi. Vya nzi wa zizini havina.

Wapo wanaosema mbung'o ni mbung'o tu, na spishi ni jambo la maabara. Naona kosa hili ni kubwa kuliko la kwanza. Kisiwani Unguja palikuwa na spishi moja, Glossina austeni, nayo ilitokomezwa katika miaka ya 1990 kwa madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka kwenye ndege, ili majike waliopandana nao wasizae. Dume la spishi nyingine lisingefaa kazi hiyo. Kwa hiyo miguu hutazamwa kwa makini: katika kundi la mbung'o wa mitoni, alimo Glossina fuscipes wa kandokando ya Ziwa Victoria, pingili zote za wayo wa mguu wa nyuma ni nyeusi upande wa juu, lakini kwa wengi wa mbuga ni mbili za mwisho tu. Kati ya hao wa mbuga, Glossina pallidipes hana ncha nyeusi kwenye miguu ya mbele na ya kati, ilhali Glossina swynnertoni wa Serengeti na Mara anazo. Spishi zinazokaribiana mno hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, na hapo picha ya simu haisaidii.

Si kweli pia kwamba jike pekee ndiye anayenyonya damu, kama ilivyo kwa mbu. Mbung'o wa jinsia zote mbili huishi kwa damu. Dume hujulikana kwa uvimbe wa mviringo ulio chini ya ncha ya tumbo.

Anayeitwa kupe wa kondoo, Melophagus ovinus, si kupe bali ni nzi asiye na mabawa, na ni jamaa wa mbung'o: wote huzaa lava (buu) mmoja mmoja aliyekwisha kukua. Ana miguu sita, si minane kama kupe mzima. Kupe mchanga naye ana sita, lakini ni mdogo kuliko milimita moja, ilhali nzi huyu hufikia milimita nne hadi saba.

Dhana ya mwisho ni kwamba mbung'o mwenye vimelea vya Trypanosoma, ndivyo vinavyoleta nagana, hutambulika kwa sura. Hakuna alama ya nje. Nzi hupasuliwa na kutazamwa kwenye hadubini: vimelea vikionekana kwenye mrija pekee, huchukuliwa kuwa Trypanosoma vivax, vikiwa kwenye mrija na utumbo, ni congolense, vikiwa kwenye utumbo na tezi za mate, ni wa kundi la brucei, ambamo wamo wanaosababisha malale kwa binadamu.